Ustaarabu Ukidumu: Kusoma Kitabu cha Waliogandishwa Tukiwa Kanyosha

Mama yetu alifariki hapa Kanyosha mwaka 2020, mpaka wa Burundi na Kongo ukiwa umefungwa kwa sababu ya korona. Kaka yangu mkubwa alikuwa Uvira. Usiku, umeme ukiwepo, taa za Uvira tunaziona ng'ambo ya ziwa. Si mbali, lakini hakuweza kuvuka. Tulimweka mama siku tatu katika nyumba ya maiti ya hospitali moja, na kila siku tukisikia kwamba labda mpaka utafunguliwa kesho. Siku ya nne tukazika, maana kila siku ya frigo ilikuwa na bei yake, na umeme wenyewe ulikuwa unakwenda na kurudi. Yaya alipofanikiwa kuvuka mwaka uliofuata, hakulia kaburini. Aliuliza neno moja tu: "Kwa nini hamukumuweka mu frigo mukaningojea?"

Nilikosa jibu. Kwa hiyo kitabu ninachotaka kukizungumzia hapa sikukisoma kama msomaji asiye na kesi. Nilikisoma kama mtu anayetafuta jibu la kumpa kaka yake.

Kinaitwa The Prospect of Immortality, yaani Matarajio ya Kutokufa. Mwandishi ni Robert Ettinger, mwalimu wa fizikia na hesabu kutoka Michigan, Marekani. Alikichapisha kwa pesa zake mwaka 1962, na mwaka 1964 kampuni ya Doubleday ikakitoa kwa watu wote. Dibaji mojawapo iliandikwa na Jean Rostand, mwanabiolojia Mfaransa ambaye mwaka 1946 alionyesha kwamba gliseroli inasaidia mbegu za chura kustahimili baridi kali. Kitabu kilinifikia katika simu, kwa Kiingereza, kutoka kwa mfanyakazi mmoja wa shirika aliyejua kwamba Jumamosi tunakutana chini ya mwembe kusoma pamoja. Nilikifasiri kwa mdomo, kipande kwa kipande, na wenzangu wakanikatiza kila mara. Sehemu kubwa ya ukosoaji huu ni yao.

Hoja ya Ettinger ni fupi. Mwili ukiwekwa katika baridi kali sana, hauozi. Ustaarabu ukidumu, sayansi ya baadaye itaweza kurekebisha karibu kila dhara: ugonjwa uliomuua mtu, uzee wake, hata madhara ya kugandishwa kwenyewe. Basi tuwahifadhi wafu wetu leo, na kazi ya kuwaamsha tuwaachie wajuzi wa kesho. Kisha anaongeza hoja ya mchezo wa bahati: ukizikwa, umekwisha. Ukigandishwa, huenda ukaamka, huenda usiamke. Sasa unapoteza nini?

Lazima niseme kwanza kilicho kizuri. Ettinger hadanganyi kwamba njia ya kuwaamsha watu ipo tayari. Anasema wazi kwamba anakopa kutoka kesho. Halafu hakimbii maswali magumu. Kuna sura ya dini, sura ya sheria, sura ya uchumi, na sura nzuri kuliko zote, ile inayouliza kama atakayeamka atakuwa ni wewe au mtu mwingine mwenye sura yako. Pia naelewa matumaini yake yalikotoka. Alijeruhiwa miguu katika Vita Vikuu vya Pili, akalala hospitalini miaka, akaokolewa kwa kupandikizwa mfupa. Mtu aliyeokolewa na utaalamu mpya ni rahisi kuamini kwamba utaalamu wa kesho utaokoa vyote.

Sasa tuipime hoja yenyewe. Mzee mmoja wa Fizi aliposikia habari hii hakushangaa kama nilivyodhani. Alisema, "Na yule samaki wa matopeni?" Ni kweli. Kamongo hujizika matopeni maji yakikauka, akajifunika ganda la ute wake, akangoja mvua kwa miezi mingi. Kuna na mdudu mdogo zaidi, mbu asiyeuma ambaye wataalamu humwita Polypedilum vanderplanki. Buu lake huishi katika vidimbwi vya miambani, Nigeria na Uganda. Kidimbwi kikikauka, buu nalo hukauka kabisa, likawa kama punje ya vumbi. Buu lililokaa kavu miaka 17 liliwahi kutiwa maji likaamka. Kwa hiyo uhai kusimama na kurudi si hadithi ya kutunga.

Lakini dada mmoja muuguzi wa kikundi chetu alituonyesha tofauti. Kamongo hajafa, anapumua polepole. Buu linajiandaa kabla ya kukauka. Linatengeneza ndani ya mwili wake sukari ya kulinda seli zake. Mwanadamu hana maandalizi hayo. Isitoshe, kwa mujibu wa sheria mtu hawezi kugandishwa mpaka athibitishwe kwamba amekufa. Maana yake kazi inaanza wakati moyo umeshasimama na ubongo umeshaanza kukosa hewa, na ubongo huanza kuharibika katika dakika chache tu.

Kisha kuna barafu. Maji ya mwili yakiganda hutengeneza chembe zinazozibana na kuzikausha seli. Siku hizi hawagandishi kama samaki wa sokoni. Hutoa damu na kuingiza kemikali ili mwili ugeuke kama kioo bila barafu, halafu wanaushusha hadi nyuzi 196 chini ya sifuri ndani ya naitrojeni ya kimiminika. Kemikali hizo nazo ni sumu, na kioo nacho hupasuka. Kwa hiyo anayetaka kumwamsha mtu ana madeni manne ya kulipa: kilichomuua, dakika alizokosa hewa, sumu aliyotiwa, na nyufa alizopata.

Je, kuna aliyelipa hata sehemu? Ndiyo, kidogo. Mbegu na vijusi vya binadamu hugandishwa na kurudi. Mtoto wa kwanza aliyetokana na kijusi kilichogandishwa alizaliwa Australia mwaka 1984. Katika miaka ya 1950, London, panya wa aina ya hamster waliamshwa baada ya sehemu ya maji ya miili yao kuwa barafu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitangaza kwamba figo za panya zilizokaa hadi siku 100 katika hali ya kioo ziliyeyushwa, zikapandikizwa kwa panya wengine, zikafanya kazi. Hilo ni jambo kubwa, na litawasaidia wagonjwa wa figo mapema kuliko litakavyowasaidia wafu. Lakini figo si ubongo, na panya si mtu. Hakuna mnyama mzima wa jamii yetu ya wanyonyeshao aliyeshushwa hadi baridi ile akarudi.

Kama ukosoaji wangu ungeishia hapo, Ettinger angenijibu kwa haki kabisa: "Mimi sijasema leo, nimesema kesho." Na sina uwezo wa kuapa kwamba kesho haitaweza.

Tatizo langu liko kwenye maneno mawili aliyoyapita mbio: ustaarabu ukidumu. Nilipoyafasiri siku ile, watu walicheka. Hawakucheka kwa dharau. Ni kwamba neno hili la kudumu tunalisikia katika kila mkutano, suluhisho la kudumu, na wanaolitamka hubadilishwa kila mradi unapokwisha. Kwa mwalimu wa Michigan mwaka 1962, serikali kuwepo, benki kuwepo, umeme kuwepo na barabara kuwa salama ni kama sakafu ya nyumba. Mtu haiangalii sakafu. Sisi tulioona sakafu ikiondoka tunaiangalia kwanza. Mzee wa Fizi aliuliza: "Sawa. Na nani atakuwa anaongeza ile baridi miaka mia mbili?"

Ni swali la kiufundi kabisa. Naitrojeni ile haikai. Inachemka polepole na kupotea hewani, na lazima mtu aongeze, wiki baada ya wiki. Chombo chenyewe hakihitaji umeme, kama birika kubwa la chai linalohifadhi joto, ila hili linahifadhi baridi. Lakini kinahitaji kiwanda cha naitrojeni, gari la kuileta, mafuta ya gari, pesa za mafuta, na mtu anayekumbuka. Tuliokaa kwenye foleni za mafuta Bujumbura tunajua kila kiungo cha mnyororo huo kinavyokatika.

Na kilikatika kweli, huko huko Marekani. Mtu wa kwanza kugandishwa alikuwa James Bedford, profesa wa saikolojia, aliyekufa kwa saratani tarehe 12 Januari 1967. Chama kilichomgandisha, cha California, kiliendelea kupokea wengine na kuwaweka katika chumba cha chini ya ardhi kwenye makaburi ya Chatsworth. Baadhi ya jamaa waliacha kulipa. Pesa ziliisha, naitrojeni ikaisha, miili ikayeyuka, wa watoto wakiwemo. Mambo hayo yalifichuka mwaka 1979 na kuishia mahakamani. Hapakuwa na vita wala tetemeko. Watu walichoka tu, au waliishiwa.

Bedford mwenyewe aliponea wapi? Familia yake haikumwacha pale. Mke na mtoto wake walimhamisha kutoka mahali hadi mahali, wakalipia, wakahangaika, mpaka akafika kwenye taasisi ya Alcor, ambayo sasa iko Arizona. Yuko huko mpaka leo. Ettinger naye alianzisha taasisi yake Michigan mwaka 1976, na wa kwanza kuwekwa humo, mwaka 1977, alikuwa mama yake mzazi. Baadaye wake zake wawili, na yeye mwenyewe alipokufa mwaka 2011 akiwa na miaka 92.

Ukizitazama habari hizo pamoja, utaona jambo ambalo kitabu hakilisemi. Kilichowalinda walioendelea kuhifadhiwa ni ukoo, au chama kilichokubali kuwa kama ukoo, zaidi ya ubora wa kemikali. Hata pesa peke yake haitoshi. Huko Urusi, kampuni ya KrioRus iliongozwa na mume na mke. Walipoachana, waligombania mali, na mwaka 2021 vyombo vyenye miili vilipakiwa kwenye lori na kuondolewa ghalani, mpaka polisi wakaingilia. Nilipowasomea wenzangu habari hiyo, mama mmoja alisema, "Kumbe hata wale wanakimbizwa na lori." Tulicheka tena, lakini mimi kicheko kilinikaa kooni.

Kwetu hatuna krayoniki, lakini maiti wanaongoja tunao. Étienne Tshisekedi alifariki Brussels tarehe 1 Februari 2017. Mwili wake ulikaa Ubelgiji zaidi ya miaka miwili, maana familia na chama chake hawakuelewana na serikali juu ya kurudi kwake na mazishi yake. Alizikwa Nsele, Kinshasa, tarehe 1 Juni 2019, mwanawe akiwa tayari ni rais. Maiti ilingoja siasa.

Na Warundi wana mwami wao, Mwambutsa wa Nne, aliyetawala tangu 1915 hadi 1966 akafia uhamishoni Uswisi mwaka 1977. Aliacha wasia kwamba mwili wake usirudishwe Burundi. Mwaka 2012, nchi ikijiandaa kwa miaka 50 ya uhuru, mabaki yake yalifukuliwa Meyrin, karibu na Geneva. Serikali na binti yake walitaka arudi. Jamaa mwingine wa ukoo akapinga kwa kushika ule wasia. Kesi ikapanda mahakama za Uswisi, mifupa ikingoja kwa watu wa mazishi, hadi mwaka 2017 akazikwa tena kule kule Meyrin. Aliandika wasia, na bado ilibidi mtu aliye hai akae mahakamani miaka kumtetea. Aliyegandishwa ni mtu aliyeandika wasia mrefu kuliko wote, unaosema mniamshe. Nani atakaa mahakamani kwa ajili yake mwaka 2200, wakati hakuna aliye hai anayeijua hata sauti yake?

Hapo ndipo hoja ya kwamba hupotezi kitu inapoanguka. Ettinger anahesabu hasara ya aliyekufa tu. Kwenye taasisi yake bei imekuwa dola 28,000, na Alcor mwili mzima ni zaidi ya dola 200,000. Lakini hata ingekuwa bure, waliobaki wanapoteza mwisho wa kilio. Majirani zetu Warundi wana kuganduka, siku ambayo msiba unafungwa rasmi, watu wanarudi kwenye kazi na furaha, na mambo ya marehemu yanasemwa mbele ya wote. Sisi Wakongo tuna kuondoa matanga. Mtu aliyegandishwa hana siku hiyo. Mjane wake ni mjane au ni mke anayengoja? Kuna wengi humu kambini na mjini ambao ndugu zao walipotea njiani bila kaburi. Wanajua hali hiyo ya kutolia wala kutoacha kulia. Sitawaombea wengine wailipie.

Na yule atakayeamka, ataamkia wapi? Waislamu na Wakristo wote wana kisa cha vijana waliolala pangoni. Katika Kurani walikaa miaka 309, na walipoamka wakamtuma mmoja mjini na sarafu ya fedha kununua chakula. Kila nikikumbuka sarafu ile namkumbuka mama. Tulipokimbia Uvira mwaka 1996 kuelekea Kigoma, alikuwa na kopo lenye noti za zaire, akiba yake yote. Mwaka 1998 nchi ikabadilisha pesa. Alizitunza vilevile hadi alipofariki, zikiwa safi, zimekunjwa vizuri, hazinunui hata kiberiti. Kopo lilizihifadhi vizuri kabisa. Kilichopotea ni nchi iliyokuwa inazipokea.

Mwandishi wa Zanzibar, Said Ahmed Mohamed, ana riwaya ya mwaka 2001 iitwayo Babu Alipofufuka. Humo babu aliyekufa anamrudia mjukuu wake, K, mtu mwenye cheo, na kumlazimisha aitazame nchi ilivyoharibika. Nikiviweka vitabu hivi viwili pamoja, naona tofauti moja. Wafu wa Ettinger wanarudi kwa ajili ya maisha yao wenyewe. Babu anarudi kwa ajili ya waliobaki. Sisemi kimoja ni sayansi na kingine ni ndoto, maana mpaka sasa vyote viwili ni ndoto. Nasema ndoto ya pili inajua kwamba mtu ni mtu wa watu fulani, na ya kwanza inalisahau jambo hilo, ingawa maisha ya mwandishi mwenyewe yanalithibitisha.

Maana simchukii Ettinger, na nawaomba wasomaji msimcheke haraka. Hakutaka kumwachia mama yake udongo. Mwaka 2020, kama mtu angekuja nyumbani kwetu akasema ana chombo kinachoweza kumtunza mama mpaka mpaka ufunguliwe, ningeuza hata paa. Kosa la kitabu si tamaa. Kosa ni kuandika kana kwamba kungoja ni kazi ya mashine. Kungoja ni kazi ya watu, tena ngumu, na wanaoifanya wanazeeka, wanahama, wanaishiwa, wanakufa. Kitabu kingekuwa kikubwa zaidi kama kingekuwa na sura moja juu ya yule mtu anayekuja kila wiki na naitrojeni.

Kuhusu kaka yangu. Mama tulimzika bila yaye, hilo limekwisha. Lakini matanga hatukuyaondoa. Tuliyaacha wazi karibu mwaka mzima, majirani wakituuliza, sisi tukijibu kwamba mkubwa hajafika. Alipovuka ndipo tulipoyaondoa, na yeye ndiye aliyesema maneno ya mwisho. Wakati ule sikujua kwamba hilo lilikuwa jibu la swali lake. Hatukuweza kuutunza mwili, tukatunza nafasi yake katika kilio.

Mwezi uliopita nilimsimulia kitabu chote, tumekaa ukutani tukitazama ziwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo muzungu, mama yake iko wapi sasa?"

"Michigan. Ndani ya chombo. Na mtoto wake yuko hapo hapo."

"Nani anawachunga?"

"Wanachama wao. Wanaongeza baridi kila wiki."

Alikaa kimya kidogo. "Basi wako na watu," alisema, akaomba chai.